Farasi Asiyewekwa Tandiko

Zundui alikuwa mzito wa maneno mpaka mtu amtajie farasi. Hapo ulimi ulimfunguka, na pole yako wewe uliyekuwa na haraka. Alishika bakuli lake la maziwa ya farasi yaliyochachishwa, akakueleza jike yupi alipandwa na dume yupi, katika mwaka wa theluji gani, mtoto akazaliwa na rangi gani, na rangi ile iligeukaje alipokua. Kwetu farasi hapewi jina. Huitwa kwa rangi yake, na rangi zenyewe ni nyingi mno, hata mtu wa mjini akiwasikia wafugaji wawili wakibishana hudhani wanachagua vitambaa dukani. Zundui alikuwa nazo zote kichwani. Majina yetu sisi wapwa zake aliyachanganya kila mara na hakuona haya, lakini farasi hakumkosea hata mmoja.

Si kwamba farasi ni adimu huku Mongolia. Yuko kwenye noti tunazonunulia chumvi, yuko kwenye chupa za pombe kali, kwenye viberiti, hata kwenye shingo ya zeze letu la nyuzi mbili kuna kichwa chake. Waimbaji wa mjini, ambao mbugani wamefika mara moja tena kwa gari, hutokwa na machozi kwenye televisheni wakiwaimba farasi wa baba zao. Zundui aliwatazama na kucheka kwa pua. Mwaka mmoja mkewe Pagma alitundika kalenda yenye picha ya farasi mweupe anayekimbia, singa zikipepea. Zundui aliikodolea macho, kisha akasema kwamba yule mguu wa nyuma unamuuma na hakuna aliyemwambia mpiga picha. Kalenda ikaondolewa ukutani siku ileile.

Lakini na yeye alikuwa na sehemu yake ya sifa, na aliipenda kuliko alivyokuwa tayari kukubali. Alikuwa na farasi arobaini na ushei, na wengi walitoka katika ukoo wa jike mmoja wa rangi ya mchanga, ukoo uliotoa washindi wa mbio za kiangazi tangu enzi za baba yake. Kulikuwa na wimbo juu ya jike wa rangi ya mchanga ulioimbwa harusini wilaya nzima, na kila mtu alijua ni wa boma la nani. Zundui akiingia kwenye hema la watu, waliokaa juu, mahali pa heshima mkabala na mlango, walisogea wampishe. "Mwenye farasi kafika," walisema, na aliyekuwa na kondoo mara tano ya wake alibaki amekaa karibu na mlango. Mwondolee farasi, utabaki na mzee mfupi mwenye magoti mabovu na koti la viraka. Yeye mwenyewe alilijua hilo, na ndilo jambo pekee duniani lililomtisha.

Nimekosea. Lilikuwepo lingine. Ariuna, bintiye wa pekee, aliyepatikana baada ya Pagma kuharibikiwa na mimba mpaka wakakata tamaa, aliugua alipokuwa na miaka kumi na mitatu. Homa ilimshika majani yakianza kuchipua, ikamkausha mpaka midomo ikawa ya buluu. Daktari wa wilaya alikuja na pikipiki, akamchoma sindano, akaacha vidonge na kusema tungoje. Zundui hakuwa na moyo wa kungoja. Alimfuata lama, mtawa wa Kibudha, naye lama akafungua vitabu vyake na kumwambia kwamba uhai wa mtoto umelegea, ufungwe kwa mnyama. Toa farasi kwa mbingu, alimwambia, na usitoe mbovu.

Zundui hakutoa mbovu. Pagma alipendekeza maksai mmoja mzee, farasi aliyehasiwa, ambaye hata hivyo hakuwa na kazi, Zundui akamjibu kwamba mbingu nazo zina macho. Alimtoa dume kijana wa rangi ya majivu, farasi ambaye watu walikuwa wakitoka mbali kuja kumwangalia tu. Walimfukizia ubani, wakammwagia maziwa mgongoni, wakamfunga utepe wa buluu kwenye singa za shingo. Kuanzia siku ile ngozi haikuruhusiwa kumgusa: si tandiko, si hatamu, si kamba ya miguu, si mjeledi. Hauzwi, hachinjwi, hahasiwi, hapewi mtu. Anaishi na majike wake mpaka afe kifo chake mwenyewe.

Ariuna akainuka kitandani, akaomba nyama. Daktari alisema ni sindano, lama akasema ni farasi. Zundui aliwashukuru wote wawili kwa adabu, lakini sote tulijua nani aliyemwamini.

Sasa kuna jambo ambalo kila mtu wa mbugani analijua, hata mtoto: farasi wetu hasahau alikozaliwa. Ukimuuza mbali, siku moja utamkuta nje ya hema lako, amekonda, amevuka mito na milima, anakutazama kana kwamba ni wewe uliyepotea. Majivu alizaliwa kusini, kwenye boma letu la zamani la majira ya baridi, bondeni pasipofika upepo. Baadaye wenye mgodi walilichukua bonde lile, wakalizungushia waya, na familia zote zilizokuwa pale zikahamia kaskazini. Watu huelezwa habari za mgodi wakaelewa, au wakajifanya wameelewa. Farasi haelezwi. Kila upepo mkali ulipovuma, Majivu aliinua kichwa, akawakusanya majike wake kwa kuwauma matako, na kuanza safari ya kurudi kwao. Mara mbili Zundui aliwakimbilia akawarudisha kabla hawajafika kwenye waya.

Dume mwenye tabia hiyo dawa yake inajulikana. Unamfunga miguu wakati wa upepo, au unamhasi na kumwachia mwanawe kundi. Kwa Majivu yote mawili yalikuwa mwiko. Jirani yetu Damba, mtu wa mzaha ambaye hata msibani hushindwa kujizuia, alilitaja jambo hilo kila vuli walipokuwa wakikata singa za maksai pamoja.

"Mzee mwenzangu, umemweka mtawa akuongozee majike," alisema. "Na mtawa mwenyewe anataka kurudi kwa mama yake."

"Mtawa huyo ana watoto wangapi, na wewe unao wangapi?" Zundui alimjibu.

"Nakwambia kwa wema. Hilo dume lako litakumaliza."

Zundui aliendelea kukata singa, na Damba akaliacha, maana urafiki wao ulikuwa wa miaka mingi na farasi hawakuwa wake.

Vuli ile ya mwisho Ariuna alikuja kututembelea. Alikuwa ameolewa mjini, na alimleta mwanawe, Ochir, mtoto mwenye macho ya udadisi na nywele zilizomfika mabegani. Hazikuwa zimekatwa tangu azaliwe. Kwetu nywele za kwanza za mvulana hukatwa kwa sherehe akitimiza miaka mitatu, na kila jamaa hukata kishungi chake na kutoa zawadi. Babu hutoa mtoto wa farasi. Asiye na farasi hutoa kondoo, watu wakashukuru sana na kutazama pembeni. Sherehe ya Ochir ilikuwa ifanyike kiangazi kijacho, na Zundui alikuwa ameshaamua zawadi itatoka kwa jike yupi kabla hata mtoto hajaota meno. Jike wa rangi ya mchanga wa sasa, mrithi wa yule wa enzi za baba yake, alikuwa na mimba, pengine ya mwisho katika maisha yake. Zundui alimbeba mjukuu mpaka kwenye kundi, akaushika mkono wake mdogo na kuuweka kwenye tumbo la farasi.

"Wako yumo humu ndani," alimwambia. "Ukija kiangazi utamkuta amesimama."

Mtoto aliuliza kama huyo wa tumboni anatazama. Zundui akasema ndiyo, anatazama, na alicheka siku nzima kwa swali lile. Sidhani kama niliwahi kumwona na furaha kama siku hiyo.

Jioni Ariuna aliharibu furaha hiyo, naye hakuwa na nia mbaya. Alikuwa amemsikia Damba. Alimwomba baba yake amfunge Majivu miguu, angalau mpaka baridi ipite.

"Unajua nilimtoa kwa ajili ya nani," Zundui alisema.

"Najua. Ndiyo maana nasema mimi, si mtu mwingine. Uhai wenyewe ni wangu."

"Hukujiona ulivyokuwa. Mimi nilikuona."

"Nilichomwa sindano, baba."

Zundui akaweka bakuli chini. "Basi ngoja wako naye augue mbele ya macho yako, halafu uje unifundishe habari za sindano."

Kauli ilikwisha kutoka. Pagma alitema mate pembeni haraka ili kuifuta, na Ariuna akamvuta mtoto kifuani. Zundui aliumia kwa neno lake kuliko yeyote, lakini kichwa chake kilikuwa kigumu kama kwato. Asubuhi gari lilipoondoka alisimama mbali, akijifanya anakagua kamba za ndama.

Mwaka ule mvua ilinyesha wakati ambao haikutakiwa kunyesha. Ilinyesha juu ya theluji ya kwanza, kisha baridi ikaja ghafla ikaigandisha, na nchi nzima ikafunikwa na barafu. Theluji hata iwe nene farasi huichimba kwa kwato akapata majani, na kondoo hufuata nyuma yake wakala mabaki. Barafu haichimbiki. Farasi walipiga chini mpaka miguu ikatoka damu, na majani wakayaona tu, yako pale chini, kama vitu vya dukani nyuma ya kioo. Zundui aliwaendea kila siku, akawatawanya penye miamba ambako upepo ulikuwa umeacha vipande vya ardhi wazi. Hesabu yake ilikuwa kwamba wakonde watakavyokonda, wengi watafika majira ya kuchipua. Hakuwa anajidanganya. Katika maboma ya jirani wengi walifika.

Kisha ukaja upepo wa kaskazini. Huo si upepo wa kutoka nje, hata choo unakiendea kwa kushika kamba. Ulivuma siku tatu, na kwa siku tatu Zundui alikaa amevaa viatu, akiinuka na kukaa, akimwambia Pagma kwamba farasi wana akili. Ulipotulia, Zundui alipanda mwamba akatazama pande zote, na pande zote palikuwa peupe. Hakuhitaji kutafuta nyayo. Alimtandika maksai mwekundu, farasi pekee aliyekuwa amefungwa karibu na hema, akaelekea kusini. Damba hakuweza kumsindikiza kwa kuwa kondoo wake walikuwa wakifa zizini.

Aliuona waya wa mgodi kesho yake mchana. Kisha akawaona farasi. Walikuwa wamesimama kwa mstari, vichwa vimeelekea bondeni kule walikozaliwa, na moyo wa Zundui uliruka. Alipiga mluzi, ule mluzi wake ambao hata mtoto wa wiki moja aliufahamu. Hakuna aliyegeuza sikio. Alipiga tena akiwa amekaribia, ndipo akaona kwamba theluji ndiyo iliyowashikilia wasianguke. Wengine walikuwa wamelala. Walikuwa wametafunana mikia na singa kwa njaa mpaka kwenye ngozi. Jike wa rangi ya mchanga alikuwa karibu na geti, kifua kwenye waya, na tumbo lake lilikuwa bado kubwa.

Zundui alishuka, akamfuta theluji machoni. Alikaa pale muda gani hakuweza kusema baadaye. Aliyemtoa pale ni mlinzi wa geti, mtu wa makamo aitwaye Puntsag, aliyekuja mbio akifunga koti lake.

"Ni wako hawa, mzee?"

"Wangu."

"Basi nina habari njema," Puntsag alisema, na uso wake kweli ulikuwa na furaha. "Mmoja yuko hai. Yule wa mbingu."

Alimpeleka nyuma ya kibanda, kwenye kizimba cha mabati. Majivu alikuwa mle ndani, amekonda lakini miguu imara, anatafuna majani makavu. Utepe ulikuwa umechakaa ila haujakatika. Puntsag alieleza yote bila kuulizwa. Aliuona ule utepe siku ya pili ya upepo, akajua huyu si farasi wa kuachwa afe mlangoni kwa mtu. Hakumgusa kwa kamba, la hasha, yeye naye alilelewa na watu. Alifungua geti kidogo, akaweka majani, akamngoja aingie mwenyewe. Majani yenyewe yalikuwa ya farasi wake.

"Geti ulilifungua," Zundui alisema.

"Nililifungua."

"Na hawa wengine walikuwa wapi?"

Furaha ilimtoka Puntsag usoni. "Walikuwa papo hapo, mzee. Walitaka kumfuata. Niliwarudisha kwa sepetu."

"Kwa sepetu."

"Nina amri. Mnyama wa nje haingii humu, akiingia mimi sina kazi, na nina watoto wanne. Kundi zima ningelificha wapi? Lakini mmoja, tena wa mbingu, nikasema huyo nitamjibia." Akamwonyesha Majivu kwa kidevu. "Ningemwacha na yeye? Mzee, ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Zundui alimwangalia yule mtu. Alitamani amchukie, na alikuwa na kila haki. Lakini alijiona yeye mwenyewe pale getini, upepo unavuma, nafasi ni ya mmoja, na mbele yake kuna utepe wa buluu. Hilo ndilo lililomvunja mgongo, zaidi ya wale waliosimama kwenye waya.

"Ningemchukua huyohuyo," alisema.

Alikataa chai. Aliondoka, na Majivu akamfuata maksai mwekundu kama kawaida ya farasi kumfuata mwenzake. Maksai hakufika mbali. Alikuwa amekuja safari nzima bila majani, na alfajiri ya siku ya pili alipiga magoti kwenye theluji akakataa kuinuka. Zundui alimvua tandiko, akakaa naye mpaka akakata roho. Kisha alijitwika tandiko mgongoni, maana mtu wa kwetu haachi tandiko njiani, akaanza kutembea. Kando yake Majivu alitembea mtupu, mgongo wake mpana ukitoa mvuke.

Najua utaniuliza, kwa sababu kila ninayemsimulia huniuliza. Hapana, hakumpanda. Alianguka mara nyingi, vidole vya mguu wa kushoto vikaacha kuhisi kitu, na hakumpanda. Kwanza alifikiria Ariuna, na midomo ile ya buluu. Mbele kidogo alimfikiria Ochir na ile kauli yake mwenyewe ya vuli, akaogopa zaidi. Pagma alitoka nje ya hema akaona farasi anakuja bila mtu, na nyuma yake mtu anakuja na tandiko mgongoni. Hakuuliza wengine wako wapi. Aliingia ndani kuchemsha maji.

Vidole viwili vilikatwa hospitali ya wilaya. Kondoo walibaki wachache, mbuzi wachache zaidi. Pagma ndiye aliyempigia Ariuna simu. Ariuna alilia, akauliza habari za mguu wa baba yake, akauliza habari za jike wa rangi ya mchanga, na juu ya Majivu hakusema neno. Zundui, aliyekuwa amekaa pembeni akisikiliza, alingoja alaumiwe mpaka simu ikakatika. Angelaumiwa angepata pa kuanzia kujitetea.

Majira ya kuchipua kulikuwa na harusi ng'ambo ya mto, na Damba alimpakia kwenye pikipiki yake. Watu wakampisha nafasi ya juu kama zamani, labda kwa upole kupita zamani. Walizungumza habari za bei ya sufu, habari za siasa, habari za mvua. Hakuna aliyemuuliza juu ya farasi, na wimbo wa jike wa rangi ya mchanga haukuimbwa. Njiani Zundui alimwomba Damba asimpeleke tena popote, na kwa mara ya kwanza Damba hakuwa na mzaha wa kumjibu. Ilikwishaamuliwa kwamba vuli wangehamia pembezoni mwa jiji, kwenye ua wa Ariuna, kusimika hema lao katikati ya mahema ya watu wengine waliopoteza mifugo yao.

Lakini kwanza palikuwa na nywele za Ochir. Zundui alitaka sherehe ifanyike mjini bila yeye. Ariuna alikataa, mwanawe angekatwa nywele nyumbani kwa babu yake, na babu mwenyewe angekuwepo. Basi walikuja, na jamaa wakaja, na Pagma alichinja kondoo ambaye hakustahili kuchinjwa. Kulikuwa na joto, wakakunja kwa juu sufu ya ukuta wa hema kuzunguka pande zote ili hewa ipite. Kutoka mahali pake pa juu Zundui aliona mbuga yote, kijani tupu, na Majivu amesimama peke yake karibu na kamba iliyokuwa ikifungiwa watoto wa farasi. Alikuja pale kila siku. Akilia, hakuna aliyemwitikia.

Ochir alizunguka hema kwa kufuata mwendo wa jua, kama desturi ilivyo, mama yake nyuma yake na mkasi uliofungwa kitambaa cha hariri. Kila mmoja alikata kishungi, akakiweka kwenye kitambaa, akambusu mtoto na kutaja zawadi. Damba alitoa mbuzi jike, na wote tulijua kwake wamebaki wangapi. Shangazi alitoa shati. Babu wa upande wa baba, fundi wa magari, alitoa farasi wa plastiki ambaye ukimbonyeza tumbo anaimba, watu wakacheka na mtoto akambonyeza mara nyingi. Kisha wakafika mbele ya Zundui.

Alipokea mkasi. Alikata kishungi nyuma ya sikio, akakiweka kwenye kitambaa, akamnusa mtoto kichwani. Mtoto alikuwa ameambiwa miezi mingi kwamba babu ana kitu chake, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia vingine.

"Farasi wangu," alisema Ochir, si kwa kuomba, kama mtu anayekumbusha tu. Mtoto akatazama chini ya sufu iliyokunjwa, akaona, akanyoosha kidole. "Yule?"

Ariuna aliinama mpaka midomo yake ikawa karibu na sikio la baba yake. Alinong'ona, lakini tuliokuwa karibu tulisikia.

"Baba, mpe yule. Utepe nitaufungua mimi mwenyewe. Nimekusamehe, na mbingu zitakusamehe. Mpe."

Zundui alimtazama bintiye, alivyokuwa mzima, mnene kidogo, mashavu mekundu kwa joto. Nilidhani atakubali. Uso wake ulikuwa wa mtu anayekaribia kukubali.

"Ukiufungua leo," alisema, "wale wengine walikufa kwa ajili ya nini?"

Zundui alimgeukia mjukuu wake, akamshika mikono yote miwili.

"Yule si wangu," alimwambia. "Babu hana farasi."

Alisema kwa sauti ya kawaida, ili watu wote wasikie, wasije wakamuuliza tena. Mtoto alingoja kidogo, akitazama mikono ya babu yake. Alipoona hakuna kinachokuja, akachukua mkasi, akaenda kwa mtu aliyefuata.